Mtani Kanipora Kamera Harusini

Leo nimeporwa kamera harusini Ruponda, na hata kukasirika sikuruhusiwa!

Aliyeipora ni Bi Somoe, mtani wa ukoo wetu. Mtani akichukua chako, unacheka tu.

Mimi nilikwenda kupiga picha za blogu yangu. Nyie mlioko Dar mmeshasema picha zangu ni za pasipoti, na wasomaji wamebaki robo. Halafu kamera yenyewe nimeinunua kwa ufuta wa shamba langu. Iliniuma, jamani.

"Bi Somoe, utaiangusha!"

"Nyamaza! Ukoo wenu mnajua kula mihogo tu. Kamera mmeijulia wapi?"

Akazunguka nayo uwanja mzima, anatutania huku anabonyeza, kisha akanirudishia.

Sasa niko kwenye intaneti kafe, Nachingwea. Mtandao unatambaa. Picha aliyoipiga inafunguka taratibu kutoka juu, kama ndoto inayokuja yenyewe. Anga. Mapaa ya nyasi. Vumbi la ngoma, la dhahabu.

Kisha mama yangu, ambaye nikimpiga picha mimi hukauka kama mlingoti, anacheka mpaka kitenge kinamdondoka begani.

Nimeandika chini yake: mpiga picha, Bi Somoe.

Haya, watu wa Dar. Na hii nayo iiteni pasipoti.