Nusu ya Juu ya Asipirini

Apana, hiyo nakataa mbele ya watu. Kuzini yangu, mutoto wa mama mudogo, anazunguka mutaa wetu wote wa Ngagara akisema mi niliingia shule ya waforoma, wale wauguzi wa hospitali, sababu kuko mutu alikimbia vita akaniachia kiti. Anaongeza eti bileteni yangu, ile karatasi ya alama za shule, ilikuwa mbaya. Bileteni ilikuwa mbaya, hiyo sibishi. Mu shimi, ndiyo kemia, nilipata alama za kuficha chini ya godoro, na kwenye tabia mwalimu aliandika "anajibu sana". Mutu anakuuliza, unajibu, kisha anakuandika kama umekosa! Lakini kiti kile nilikitafuta mi mwenyewe, na nilianzia kwenye karanga.

Mama yangu alikuwa anauza karanga za kukaanga kwenye baraza ya famasi moja pale Asiatique, mutaa wa maduka. Mwenye famasi alikuwa Bibi mumoja wa Kiarabu, mujane, mudomo mukali kuliko wangu. Ilikuwa wakati wa ambargo, nchi jirani zimetufungia njia, kila kitu kimekuwa haba. Hakuna mutu alikuwa ananunua boksi nzima ya dawa. Unanunua vidonge viwili, vinne, unaenda zako. Basi mu kila boksi inabaki ile karatasi ya ndani, ndefu, maandishi madogo kama sisimizi. Bibi alikuwa anazitia mu katoni, anamupa mama, mama anazifanya koni za karanga.

Siku moja Bibi alinitazama nikikunja, akamuuliza mama: "Huyu mtoto wako ni wa kukunja au wa kusoma?"

"Wa kukunja, Bibi."

"Mbona midomo yake inacheza?"

Ilikuwa inacheza kweli. Karatasi yote niliyokunja, niliisoma. Ilikuwa Kifaransa cha kuvunja meno, lakini nilikuwa na diksioneri isiyokuwa na herufi A, na kichwa kigumu. Baada ya mwaka mumoja hivi, nilikuwa najua dawa ya minyoo, ya malaria, ya kikohozi, ya macho. Mutu akinunua karanga namuuliza anaumwa nini. Wengine walikuwa wanakuja na ugonjwa, wanarudi na ugonjwa na karanga. Mama mwenyewe alikuwa anaumwa magoti, na kila jioni nilikuwa namupa asipirini yake, baada ya kula, na maji mengi, kama karatasi inavyosema.

Sasa sikiliza jambo moja. Karatasi moja ilikuwa kubwa kwa koni moja. Mama alikuwa anaikata katikati kwa kisu. Tulikuwa tunakaa yeye kushoto, mi kulia. Nusu za juu zinakuja kwangu, nusu za chini anakunja yeye, na yeye hakusoma hata siku moja. Miaka yote hiyo mi sikujiuliza.

Nilipoomba shule ya waforoma, walikuwa wanataka alama nzuri za shimi, lakini waliita na wengine wa alama mbovu waje kujibu kwa mudomo. Nikasema asante Mungu, kwa mudomo! Kuzini akacheka mupaka akashika ukuta. "We? Utapigana nao."

Nilivaa sketi ya kanisani. Mu chumba nilikuta mukubwa wa shule, ndiye direktrise, mama mumoja mwembamba wa miwani, na daktari mumoja munene aliyekuwa anapiga miayo. Direktrise alishika bileteni yangu kwa vidole viwili, kama samaki wa jana.

"Shimi hii ni yako?"

"Ni yangu, Madamu. Ingekuwa ya mwengine ningeirudisha."

Daktari aliacha kupiga miayo. Akaniuliza: "Haya, binti. Mutu mukubwa amekuja na maumivu. Uko na asipirini tu. Niambie asipirini."

Yoo! Nilifunguka kama bomba. Inatuliza maumivu, inashusha homa, mutu mukubwa anameza hivi, mara hivi kwa siku, asimeze na tumbo tupu. Daktari anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Nikaendelea: "Na haifai kumupa mutu mwenye..."

Nikakwama.

"Mwenye nini?"

Nilitafuta mu kichwa. Niliona ile karatasi mbele ya macho, mustari wa mwisho, kisha ukingo wa kisu.

"Mwenye nini, binti?"

"Sijui, Daktari. Ni pale mama alikata."

Ikabidi nieleze habari yote, famasi, karanga, kisu. Daktari alicheka mupaka tumbo likagonga meza. "Kumbe tumeletewa mwanafunzi wa profesa wa karanga!"

Hapo damu ilipanda. Mi unicheke, nitakucheka pia, tutaachana salama. Mama yangu apana. Nilisimama.

"Daktari, mama yangu umuache. Hiyo karanga ndiyo ilinivalisha hii sketi. We profesa wako alikuwa anaamuka saa ngapi?"

"Kaa chini," direktrise akasema.

"Sikai!"

"Basi simama, lakini ujibu. Mugonjwa iko hapa, anakuangalia, anaumia. Asipirini iko mukononi. Unamupa ao humupi?"

"Simupi!" Nilikuwa nalia kwa hasira. "Nitamupa namna gani na mi najua nusu? Nitamuita anayejua nusu ingine. Hata kama ni huyu anayecheka."

Direktrise aliandika kitu, kisha akanionyesha mulango. Nilitembea kwa mguu mupaka Asiatique, najitukana njia yote, kwa Kirundi na kwa Kiswahili.

Nilipofika sikusalimia. Nilimuomba Bibi karatasi ya asipirini iliyo nzima. Mama akashika kisu chake.

"Usikate, mama."

"Nisikate? Karanga nitaziuzia mu shuka?"

Niliisoma nusu ya chini nikiwa nimesimama. Mutu mwenye vidonda vya tumbo asipewe. Nikamuangalia mama. Mama ambaye kila siku alikuwa anakunja koni mukono mumoja umebana tumbo. Mama ambaye daktari wa dispensari alimwambia "vidonda", akaambiwa anywe maziwa, na maziwa yenyewe yatoke wapi. Na asipirini ya kila jioni, nani alikuwa anamupa? Mi. Na maji mengi.

"Una nini?" akaniuliza.

"Leo jioni magoti yatauma, mama. Utanisamehe."

Magoti yaliuma, akanitukana siku tatu. Siku ya nne akasema tumbo limepunguza kelele. Tangu hapo tulikuwa tunasoma kwanza, ndiyo kisu kinapita.

Liste ya majina ya waliopita ilibandikwa ukutani kwa shule. Nilianza kusoma juu, sikujiona. Nikafika kwenye mustari mwekundu, wanaongoja nafasi. Wa kwanza chini ya mustari: mi. Pembeni direktrise aliandika kwa mukono: "Anajua pa kusimama." Kuzini alisema hiyo ni kusema nisimame nje.

Shule ilipoanza, mumoja wa juu ya mustari hakuja. Walisema familia yake ilipita Gatumba, pale mupakani, alfajiri, na vyombo juu ya baiskeli, wakavuka kwenda Congo. Waliniita. Kwenye deski nilikuta jina lake kwa chaki. Sikulifuta. Anayefagia darasa alitaka kulipanguza, nikamukatalia, tukagombana wiki ya kwanza hiyo hiyo. Nilisoma mwaka mzima nikiweka daftari pembeni ya lile jina. Angerudi, tungekaa wawili, na angenikuta najua shimi.

Hakurudi. Mama ameacha asipirini, kuzini hajaacha mudomo. Sasa we uliyesoma mupaka hapa, acha kuzunguka, unijibu: kile kiti, ulitaka kikae tupu?