Herufi Zisizopenda Kupunguzwa

Kuna aina ya herufi ambayo wateja wetu pale steshenari, mjini Sumbawanga, huiita "ile ya harusi". Ina jina lake la kizungu, lakini hakuna anayelihitaji. Mtu huingia, hunyoosha kidole kwenye kadi iliyobandikwa ukutani na kusema, "Dada, niwekee kama hii." Ni herufi ndefu. Mguu mmoja mnene, mwingine mwembamba kama uzi, na chini kila mguu una kikanyagio kidogo kilichochongoka. R yake inatanguliza mguu mbele kama bibi harusi anayetaka viatu vyake vionekane.

Naipenda mno. Nimeiweka kwenye kadi za harusi, kwenye jubilei za mapadre, kwenye bango la saluni, hata kwenye lebo za asali ya mzee mmoja wa Matai aliyetaka chupa zake zionekane zimetoka mbali. Mwalimu mmoja alitaka niiweke kwenye mtihani wa darasa la nne, nikakataa, akaninunia wiki nzima. Mimi si mbishi, ila kitenge cha sikukuu hakivaliwi shambani. Herufi ile inataka iandikwe kubwa, maneno machache, na karatasi nyeupe ya kutosha kuizunguka. Ukiibana inakufanyia vituko.

Basi dada yangu alipokaribia kuweka nadhiri za daima, sikuwa na shaka kadi yake itavaa nini.

Huku Ufipa, familia yenye sista inatembea kifua mbele, na sisi tulitembea hivyo. Kinachobaki nyumbani hakisemwi sana. Utawani dada alipewa jina la mtakatifu, jina zuri tu, na mama alilitamka kwa uangalifu kama amebeba chungu cha kuazima. Jina alilopewa na bibi siku aliyozaliwa, la Kifipa, lilikuwa limeacha kutumika. Zamani, kila jioni, mama alikuwa akisimama mlangoni na kuliita mara moja tu, na dada, hata awe kisimani, aliitika "Abee!" hadi majirani wakacheka. Niliikosa sauti ile. Naikosa mpaka leo.

Nilipokwenda nyumbani Mwazye kumwonyesha mama mfano wa kadi, nilimkuta anapeta ulezi. Aliangalia kadi, akasifu, akarudi kwenye ungo wake.

"Sasa yule wangu umemwandika wapi?"

"Yupi tena, mama?"

"Niliyemzaa mimi."

Nilirudi mjini na swali hilo. Jina la utawa nililiacha juu, kubwa, limekaa kwa enzi yake. Chini kabisa, pembeni mwa karatasi, niliandika lile la Kifipa, peke yake, bila maelezo, dogo kuliko maandishi yote ili lisimkere mtu. Nililiandika kwa herufi ileile. Sikutaka jina la bibi livae matambara mbele ya mwenzake. Kwenye kompyuta nililikuza nikalitazama, na kwa kweli lilipendeza.

Herufi ya kuandikwa kubwa haipunguzwi hivyo. Hilo ningemwambia mteja yeyote, lakini hamu ilinizidi akili. Kadi zilipotoka, zile nyuzi nyembamba hazikushika wino. Ilibaki miguu minene tu, imesimama mstari kama nguzo za uzio ulioibiwa fito. Wino ulikuwa umeisha, kadi zimeshakatwa, na misa ilikuwa kesho yake asubuhi.

Wageni waliniuliza vile vijiti ni nini. Niliwajibu ni mapambo. Mama hakuuliza hivyo.

"Yuko wapi?"

Nikamwonyesha.

"Hivi?" Aliisogeza kadi karibu na macho, akaiweka mbali, kisha akaitia kwenye mkoba wake. Nilikwenda nyuma ya jiko, nikalia. Mpishi mmoja akanipa pole akidhani ni moshi.

Jioni ile, upepo umeshaanza kuuma, dada alitufuata kutuaga. Alikuwa amepangiwa kazi mbali, ng'ambo ya pili ya nchi, na masista wenzake walikuwa wanapanda gari. Alimwamkia mama shikamoo, wakashikana mikono muda mrefu. Mama akafungua mkoba akampa kadi. Nilitamani kuinyakua.

"Mdogo wako alikuandika hapo chini," alisema mama. "Mimi sioni kitu."

Dada alitazama. Alipitisha kidole juu ya vile vijiti, polepole, kimoja kimoja, mpaka mwisho. Kidole kikarudi mwanzo. Nikaanza kumweleza habari za wino na nyuzi nyembamba, lakini hakuwa ananisikiliza. Aliinua kichwa, shela jeupe limemkaa sawasawa, akamtazama mama, na ile sauti ya kisimani ikamtoka mbele ya watu wote.

"Abee, mama!"

Mama akajibu bila kufikiri, kama alivyojibu jioni zote zile: "Njoo ule, ugali unapoa."

Gari la masista lilikuwa limeshawashwa.