Maji ya Mnepali

Mwezi uliopita tulimzika mama, na maji ya kupikia waombolezaji yaliletwa kwa lori. Nilikuwa nimeketi nje ya jiko, miguu imevimba kwa safari, nikalisikia likipanda kilima kwa gia nzito huku tangi lake likivuja njia nzima. Kina mama wakainuka na sufuria zao. Mimi sikuinuka. Nilikuwa na ule uchovu ambao usingizi hauuondoi, na nilikuwa na aibu pia, kwa sababu bondeni, chini tu ya boma letu, maji yalikuwa yakitoka yenyewe usiku na mchana enzi zetu. Bomba bado lipo. Nilikwenda kulitazama asubuhi ile. Limeshika kutu, na nyigu wamejenga ndani yake.

Wewe uliyekulia milimani huku, upande huu wa Nyamira au ule wa Kisii, huna haja ya kuelezwa mteremko. Yule wa tambarare nimwambie tu kwamba kwetu shamba limeinama, nyumba imeinama, na hata kuku akifukuzwa hukimbilia bondeni. Watu wako juu, maji yako chini. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, kabla chai haijameza kila kipande cha ardhi, tulikuwa na pareto, ndizi na wimbi, na kila kilichopikwa nyumbani kilianza na mtu kushuka bondeni. Mtu huyo alikuwa mimi. Nilishuka alfajiri na mtungi, umande ukinilowesha hadi magotini, nikasubiri zamu kwenye dimbwi ambalo ng'ombe nao walilitumia, nikachota polepole kwa kibuyu ili tope lisiamke. Nikipanda, nilisikia mawe ya kusagia yakianza kulia nyumba hii na ile, na harufu ya chinsaga, ile mboga yetu chungu inayopikwa na maziwa, ikinijia kutoka jikoni kwa bibi, mama yake baba. Nikiifikiria harufu hiyo hata leo, shingo inauma.

Mwaka ninaousema mama alikuwa mjamzito, na mgongo wake ulikuwa umeharibika tangu alipoteleza na mtungi penye ule mteremko. Kwa hiyo safari zake zikawa zangu. Nilikuwa darasa la sita. Karibu kila siku nilifika shuleni wenzangu wamekwisha kuimba na kuketi, hata mwalimu wetu, mtu mpole mwenye kikohozi kisichokwisha, akachoka kuniadhibu. Jioni moja nikamsikia baba akimwambia bibi kwamba muhula ukiisha nitabaki nyumbani, maana maji hayajichoti. Hakuwa baba mbaya. Alisema kwa sauti ya mtu aliyetazama mikono iliyopo na kazi iliyopo, akaona hazitoshani. Nilikwenda kulia kwenye migomba. Niliitaka shule kuliko nilivyotaka chakula, na sikuwa na wa kumwambia.

Ndipo akaja Mnepali. Alikuwa afisa wa maendeleo, aliyetumwa na shirika moja la kusaidia vijiji, na aliishi Kisii mjini. Watu walipomwona walisema Mhindi ameleta duka, naye akawasahihisha bila kuchoka. "Mimi hapana Mhindi, mama. Mimi toka Nepali. Mlima yetu iko kubwa kupita hii." Hiyo ya mlima watu hawakuiamini. Kiswahili chake alikiokota kwa wenye maduka, chetu tulikiokota sokoni Birongo, na tulielewana vizuri kabisa. Siku za Jumapili alikuwa katibu wa chama cha kriketi cha pale mjini: yeye ndiye aliyepanga mechi, kuchagua waamuzi, na kutunza funguo za stoo ya magongo. Mchezo wenyewe tuliuona kwa mbali tu tukienda sokoni, watu wazima waliovaa nyeupe tupu wamesimama uwanjani kana kwamba wanangoja kuambiwa la kufanya. Bibi aliuliza kama wana kesi.

Mnepali alitembea bonde lote, akaonja maji, akatema. Akatueleza kwamba dimbwi si maji, maji yako nyuma yake. Tuchimbe mpaka kwenye jicho la chemchemi, tulizungushie mawe, tujenge ukuta wa saruji wenye bomba, tufukie juu kwa udongo mfinyanzi, kisha tuweke ua ng'ombe wasifike. Mawe alianza kuyabeba mwenyewe, mgongoni, kwa mkanda alioupitisha kwenye paji la uso. Wanaume walicheka mpaka wakakaa chini. Mwanamume mzima abebe mzigo kama mama wa Kikuyu! Naye akacheka pamoja nao, akarudi kuchukua jiwe jingine.

Siku ya kwanza ya kazi alileta chakula. Gari lake dogo lilikuja na birika la chai kubwa ambalo sijaona mfano wake tangu siku hiyo, mikate, na dengu zilizotiwa viungo vilivyotufanya tukohoe na kuomba tena. Sasa hapa nikukumbushe jambo. Kwetu kuna risaga. Mtu akiwa na kazi iliyomshinda, shamba la kulima au nyumba ya kuezeka, huwaita majirani, nao huja wote, naye huwapikia. Hakuna anayeuliza shamba ni la nani. Ni la yule anayepika. Basi siku ile watu walifanya kazi kama wehu, wakala, wakashiba, wakamshukuru Mnepali kwa kuwaita, wakamwombea maji yake yabarikiwe. Yeye akaitikia "asante, asante" bila kujua alichopewa.

Ukuta ulipokauka, bomba likatoa maji yaliyo safi hata mama akalia alipoyaona. Mtungi ulijaa kabla sijamaliza kupiga miayo. Nikaanza kufika shuleni mapema, nikafagia darasa bila kutumwa, na baba hakutaja tena habari ya muhula. Nilidhani mambo yamekwisha.

Mvua za masika zikaja. Mtaro wa kutoa maji ukajaa matope, ua ukaangushwa na ng'ombe, ukuta ukaanza kuliwa chini mpaka ukapasuka, na bomba likabaki likidondosha matone huku maji yakipita pembeni kwenye tope lile lile la zamani. Kuzibua mtaro ilikuwa kazi ya asubuhi moja kwa watu wachache. Hakuna aliyeigusa. Watu walipita na mitungi yao, wakasimama, wakatikisa kichwa kwa huruma. "Maskini," walisema, "maji ya Mnepali yameharibika. Mwenyewe atakuja." Haikuwa ukaidi. Hivi wewe ungeshika jembe uingie kwenye shamba la mtu ambaye hakukuita? Mimi nikarudi kuchelewa shuleni, na baba akasema tena lile neno la muhula, safari hii akiniambia mimi usoni.

Nadhani mwalimu alisikia, kwa kuwa Jumapili iliyofuata alipanda basi la mjini, akamfuata Mnepali hadi uwanjani kwao, akaja naye. Alikuja vile vile na nguo zake nyeupe, suruali imepigwa pasi, kwa sababu kulikuwa na mechi ya kombe mchana huo na alitaka kutazama tu kisha arudi. Alimkuta bibi akipalilia. Sisi tulikuwa Wasabato, Jumapili kwetu siku ya jembe. Mimi nilikuwa nyuma ya bibi, nikimwombea Mnepali apate hasira awakaripie watu.

Bibi hakujua Kiswahili, akasema kwa Ekegusii na mwalimu akafasiri. "Mwambie pole kwa bomba lake."

"Bomba yangu?" Mnepali akashangaa. "Mama, hii ni bomba yenu!"

"Yetu tangu lini, mwanangu? Si wewe uliyepika?"

Mwalimu ilibidi amweleze risaga yote, akikohoa katikati. Mnepali akasikiliza, akaketi palepale kwenye majani mabichi na ile suruali yake. Kule kwenye kriketi, akasema, timu ya nyumbani ndiyo huwapa wageni chai. Alidhani ni adabu. Alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akalitazama lile tope. Nikaona jinsi alivyochoka na yeye. Mwishowe akamwambia bibi, "Basi leo mimi hapana lisha mtu. Leo mimi iko na njaa. Nani tanipa chakula?"

Hilo bibi yangu hakuliweza. Mgeni aseme ana njaa mbele yake! Jembe likatupwa. Punde akashuka na ugali wa wimbi na chinsaga kwenye chungu, akasimama juu yake aone anavyokula. Jirani yetu, mama Mkatoliki aliyekuwa akirudi kutoka misa, akauliza kuna nini, akaambiwa. Hakutaka kushindwa na bibi, maana hawakuwahi kukubaliana kwa lolote, akarudi na matoke yanayofuka moshi na njugu za kuponda. Kisha nyumba nyingine, na nyingine. Mnepali alikula vyote, jasho likimtoka. Akiwa na mdomo umejaa akauliza, "Sasa hii maji ni ya nani?"

Bibi alifikiri. "Ni ya waliokulisha," akasema.

Kazi ilianza palepale. Mchana ukiwa umekwisha ndipo Mnepali aligusa mfuko, kitu kikalia, uso ukamshuka. "Ai. Funguo ya stoo iko na mimi." Timu mbili zilikuwa zimesimama uwanjani mjini bila gongo wala mpira.

Lakini alikaa mpaka mwisho. Na kwa kuwa Jumamosi Wasabato hawashiki jembe na Jumapili Wakatoliki nao wanasali, akatugawa kama wanavyogawana kriketi: upande mmoja ukicheza, mwingine unangoja. Jumapili tulichimba sisi, Wakatoliki wakatulisha baada ya misa. Jumamosi walichimba wao, wakala chakula chetu kilichopikwa Ijumaa kabla jua halijatua. Wakalalamika kwa furaha kwamba Sabato ina baraka zote isipokuwa moto. Saruji mpya Mnepali aliifunika kwa mkeka mkuukuu wa chama, ule unaotandikwa uwanjani pa kuchezea kriketi, ili isikauke haraka ikapasuka. Ukuta huo haukupasuka tena. Mtaro ukiziba, yeyote aliyepita aliuzibua, kwani kila nyumba ilikuwa imepika.

Mama alijifungua salama, na mimi nikamaliza darasa la saba. Baba ndiye aliyenibebea sanduku siku ya kwenda sekondari, akapita nami bondeni makusudi, tukanywa maji pale bombani kwa viganja. Nilimpenda sana siku hiyo.

Mnepali alivuliwa ukatibu. Alitusimulia mwenyewe, akiigiza sauti za wakubwa wa chama: funguo, kombe, na juu ya yote mkeka. Alicheka, lakini mwalimu aliniambia baadaye kwamba mchezo ule ndio uliokuwa nyumbani kwake hapa ugenini, na kwamba tangu hapo Jumapili zake zilikuwa ndefu. Kazi yake ilipokwisha aliondoka tukiwa shuleni. Hakuandika, nasi hatukujua pa kumwandikia.

Uwanja wao mjini umejaa maduka sasa. Bibi yuko chini ya migomba yake, na yule jirani hayuko mbali naye. Sisi wasichana tuliosomeshwa na maji yale tulitawanyika, huyu Nakuru, huyu Mombasa, mimi nikifundisha watoto wa watu wengine hadi nikastaafu. Juu ya chemchemi wakapanda mikaratusi ya kuuza kuni kwa viwanda vya chai, nayo ikanywa polepole mpaka jicho likafumba. Silaumu mtu. Kila mmoja alipanda kwenye kipande chake, na hakukuwa na risaga ya kuuliza maji yatakuwaje. Ninapofikiria nani angeuliza, nawaona wale wasichana, na wote tulikuwa mbali.

Jioni ya mazishi, wageni walipopungua, kijana wa lori alinijia akifuta mikono.

"Madam, kuna maji imebaki kwa tangi. Tufunge ama majirani wachote?"

"Kwa nini unaniuliza mimi?"

"Si ni yako, madam?"

Nilitaka kumweleza yote haya. Nikamwuliza tu kama amekula.

"Tumekula, madam. Umetulisha vizuri sana."

Nikamwambia wachote. Wakaja na ndoo na mitungi ya plastiki, wazee kwa watoto, wakanishukuru mmoja mmoja kwa jina, wakaniombea maji yangu yabarikiwe. Niliketi pale mlangoni kwa mama mpaka giza likaingia, nikitazama mikono yao. Hakuna hata mmoja aliyekuja na sufuria ya chakula.