Pepo Aliyekwenda Skuli

Enzi zetu, na najua wapo watakaocheka, maana sasa ni mwisho wa miaka ya sitini, nimemaliza chuo juzi tu na sina hata unywele mmoja mweupe wa kunipa haki ya kusema "enzi zetu". Nimelifikiria neno hilo sana kabla ya kuliandika, nikalifuta, nikalirudisha. Enzi zetu, basi, mtoto wa darasa la nne pale Tanga ulimtambua kwa sauti kabla hujamwona. Alikuwa akija huku anajitangaza.

Wenzangu mliosoma miaka ile ya hamsini mnakumbuka. Kiingereza hatukukisoma kwa kukaa. Mwalimu wetu, Mwalimu Perpetua, Mbondei wa Muheza, mwembamba, mwenye viatu vyeupe alivyovipaka chaki kila asubuhi, alikuwa na sheria moja: ukisema, tenda, ukitenda, sema. Ukiitwa mbele unainuka na kutamka, "I am going to the door," na miguu yako iwe kweli inakwenda mlangoni. Ukifika unasimama na kutoa taarifa kwamba umesimama hapo. Darasa zima linakuelekezea vidole na kuthibitisha. Mtoto aliyesema amekaa, kisha akanyamaza, alirudishwa. Amekaa wapi? Juu ya nini? Karibu na nani? Mwalimu hakupokea tendo lisilo na mahali pake. Kwetu sisi mlangoni ni neno moja, limekwisha. Kwa Waingereza mlango haukubali kufikiwa mpaka utangulizwe na wapambe wawili, "to" na "the", nasi tukawakariri wapambe hao kama majina ya mashangazi.

Mimi nilikuwa mtoto wa wasiwasi. Kilichonisumbua ni kwamba sentensi ilikuwa fupi kuliko safari. Unasema unakwenda dirishani, maneno yanakwisha ungali katikati ya darasa. Hatua zilizobaki unazitembea kama nani? Nilimwuliza Mwalimu. Akanitazama, akasema, "Zena, rudia mpaka ufike." Pengine alitaka tu nikae chini. Mimi nikaichukua kuwa ni amri.

Nikarudia mpaka nikafika, wala si dirishani tu. Nyumbani kwetu Mabawa nilirudia kutoka ukumbini hadi uani. Nilikuna nazi huku nikiueleza ua mzima kwamba ninakuna nazi, nimekaa juu ya mbuzi, na nazi inaangukia kwenye bakuli. Tukicheza mdako barazani, wenzangu walinifukuza kwa sababu kokoto yangu ilikuwa hairuki mpaka itangazwe. Muuza mbaazi wa pale njiapanda akiniona asubuhi na kibakuli changu huwaambia wateja wake, "Nyamazeni, redio imefika." Hata chooni sikunyamaza, na hapo ndipo Mama alipokuja kunigongea mlango.

Aliyekuwa akinitazama tu ni Bibi. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, hivyo neno la nyumba lilikuwa la Bibi, mama yake. Bibi alikuwa hajui Kiingereza, lakini pepo aliwajua. Kwetu pwani, mtu akianza kusema peke yake lugha isiyo ya kwao, macho yametazama mbele, watu hawamwiti msomi. Wapo pepo wa Kiarabu, wapo wa Kimasai, na wapo wa Kizungu, ambao ndio wenye gharama: hawali kwenye sinia, wanataka meza. Jioni moja nikiwa nyuma ya pazia nilimsikia Bibi akimwambia Mama, "Mtoto kapandwa. Na kapandiwa huko huko skuli. Hendi tena."

Msinicheke. Mwisho wa mwaka ule kulikuwa na mtihani wa kwenda skuli ya wasichana ya bweni, na mtoto wa kike wa mtaa wetu akishatolewa darasa la nne alikuwa harudi. Aliwekwa ndani, akafundishwa kusuka ukili wa mikeka, akasubiri posa. Mama alijaribu kueleza kwamba ndivyo wanavyofundishwa. Bibi akauliza ni mwalimu gani mwenye akili timamu anayemfundisha mtoto kumweleza mtu jambo ambalo mtu huyo analiona kwa macho yake. Jibu la swali hilo hata mimi sinalo mpaka leo, na nina shahada.

Akaitwa Bi Mwanasha, fundi wa pepo, mama mnene, mchangamfu, mpenda chai. Asubuhi ya Jumatatu, badala ya kuvaa sare, nilifunikwa kanga mpya na kukalishwa ukumbini kwenye kiti cha kuazima, maana pepo wa Kizungu hakai mkekani. Mbele yangu kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, chai ya maziwa, biskuti na yai la kuchemsha. Ubani ulifuka mpaka nikatokwa machozi, na Bibi alipoyaona machozi alimtazama Mama kama mtu aliyeshinda kesi.

Bi Mwanasha alinisemesha kwa adabu, kama anavyosemeshwa mgeni mwenye cheo. "Shikamoo, bwana mkubwa. Umemkalia mtoto wetu. Sema unataka nini."

Nilifikiri sana chini ya ile kanga. Nikisema sina pepo, pepo wote ndivyo wanavyoanza. Nikinyamaza, ni pepo mkaidi. Nikilia, ni pepo aliyeonewa, na atadai zaidi. Nikaona bora niseme lililo kweli, kwa lugha iliyokuwa ikisubiriwa. Nikatamka kwamba nimekaa kwenye kiti. Nikaongeza, kwa sababu nilikuwa sijala, kwamba ninalitazama yai.

"Anasemaje?" Bibi akauliza.

"Anashukuru," akasema Bi Mwanasha, na kujimiminia chai.

Wakati ule ule likasikika lile pande la reli lililokuwa kengele ya skuli yetu, likigongwa kwa mbali. Bi Mwanasha akaniuliza tena, pole pole, "Bwana mkubwa, unataka kwenda wapi?"

"I am going to school," nikasema.

Neno skuli walilijua wote. Lakini sheria ya Mwalimu Perpetua ilikuwa imeniingia miguuni: ukisema, tenda. Nikainuka na kanga yangu kichwani, nikatoka mlangoni. Na kwa kuwa skuli ilikuwa mbali kuliko sentensi, nikarudia mpaka nifike. Nikampita muuza mbaazi, ambaye safari hii aliushusha upawa wake na kunipisha njia. Nyuma yangu walikuja Bibi na Mama, na Bi Mwanasha na kikombe chake mkononi.

Darasa lilikuwa limekwisha kuanza. Nilipovuka kizingiti, watoto wote wakaninyoshea vidole na kutangaza kwa sauti moja kwamba Zena anaingia darasani. Bibi akasimama dirishani. Akamwona mtoto mwingine akienda ubaoni huku anasema, na mwingine akiweka kitabu juu ya meza huku anasema. Akamgeukia Bi Mwanasha. Je, wote hawa?

Bi Mwanasha akamaliza chai yake. Akasema huyu ni pepo wa skuli, hapa ndipo kwao, na amekuwa msumbufu kwa sababu ya kupelekwa ugenini. Aachwe huku. Ila akirudi nyumbani, lugha aivue mlangoni pamoja na viatu.

Mwalimu Perpetua alitoka nje na kumwamkia Bibi shikamoo. Bibi, ambaye kushindwa hakukuzoea, aliitikia marahaba kisha akasema, "Mwalimu, pepo wako huyu mlishe huku huku. Kwangu mayai yamekwisha."

Hivyo ndivyo nilivyoufanya mtihani ule, nikaenda bweni, na mwisho nikaenda chuo. Mdogo wangu sasa yuko darasa la nne. Anasoma Kiingereza amekaa kitako, anasema anakimbia mtoni huku anamumunya ubuyu. Nilipomwambia huo ni uongo akanijibu, "Dada, ni mfano tu." Watoto wa leo wanakwenda kila mahali kwa mfano.

Lakini nani wa kumcheka? Siku hizi sentensi zangu ndizo ndefu kuliko safari. Nimepangiwa kazi ya ualimu Songea, na tangu nipate habari hiyo nazunguka ukumbini nikifikiri: baridi, umbali, wanafunzi walionizidi kimo. Jana Bibi, ambaye macho yake sasa yanaona vivuli tu, alinisikiliza nikipita na kurudi, mpaka akachoka.

"Zena, yule bwana mkubwa wako hasemi tena?"

Nikamwambia aliondoka zamani, Bibi.

"Mwite," akasema. "Yule alikuwa akisema anakwenda, anakwenda." Kisha akapapasa chini kwa bakora yake, akavipata viatu vyangu, akavisukuma hadi mlangoni.