Usiku wa Alhamisi

Ijumaa, saa tatu asubuhi, Julai 1996. Manyunyu juu ya mtaa wa Kuze, Mji wa Kale.

Niliitwa nieleze kwa nini shangazi zake bi harusi walifika kwenye kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumtazama bi harusi, baada ya kupamba kwisha.

Walitoka Malindi na hina mikononi, nguo zimefukizwa udi. Wakakuta viti vimerudishwa na bi harusi keshapelekwa kwa mumewe.

Naitwa Ngala. Kwetu ni Kaloleni. Nilisomea kompyuta chuoni. Rafiki yangu Taha, mzaliwa wa Kuze, alikuwa akipiga video harusini. Tulikodi chumba nyuma ya Biashara Street.

Programu ya mialiko ilikuwa yangu. Unaandika majina, siku, saa na nyumba. Kompyuta inachora filamu yenyewe. Mlango wa nakshi unafunguka. Majina yanaingia. Kurasa za kalenda zinapeperuka mpaka tarehe ya sherehe, kisha mwezi unachomoza. Tunaitia kwenye kanda, na jamaa wa mbali wanapelekewa badala ya kadi.

"Herufi zacheza chakacha!" mama mmoja alicheka, mkono mdomoni.

Kisha akaja Bi Haifa, mamake bi harusi huyo. Tukimpendeza, milango yote ya Mji wa Kale imefunguka. Tukimwaibisha, tumekwisha.

"Kupamba ni usiku wa Alhamisi, wanangu," alisema, akaenda zake.

Nilisita. Nikamgeukia Taha.

"Usiku wa Alhamisi ndiyo Alhamisi usiku?"

"Yakhe, wewe na diploma yako! Usiku ni usiku. Andika."

Nikaandika. Kalenda ikapeperuka, ikatua Alhamisi. Taha mwenyewe alizipeleka kanda kwenye basi la Malindi.

Sasa nilikuwa nimesimama na Taha mbele ya Bi Haifa, nyumbani kwake. Hakupaza sauti. Heri angepaza.

"Mwanangu, kwetu siku huanza magharibi. Jua la Jumatano likitua, huo ndio usiku wa Alhamisi. Hukuuliza?"

"Nilimuuliza Taha, Bi Haifa."

Taha alitazama mkeka.

"Hakuniuliza. Huyu si mtu wa hapa, hajui mambo yetu. Mara ngapi nimemwambia tarehe aniachie mimi?"

Hata hivyo, moyoni nilimtetea. Mfa maji haachi kutapatapa, nikajiambia. Ameingiwa na hofu tu.

Hapo akaingia mamake Taha, Bi Afaf, aliyekuwa akisaidia jikoni, na sinia la kahawa, akitaka kupoza mambo.

"Poleni, jamani. Mimi nilimuuliza huyu mtoto: mbona kanda uliyompelekea khalati yako, dada yangu wa Lamu, yasema Jumatano, na hizi za Malindi zasema Alhamisi? Akanambia, nyamaza mama, hiyo ya Lamu nimeitengeneza peke yangu. Hata jina lake liko mwisho. Taha, peke yake."

Kumbe alijua. Khalati yake alimtengenezea filamu sahihi, kwa programu yangu, kabla kanda za Malindi hazijapanda basi. Alihitaji nikosee mbele za watu, ili kazi abaki nayo yeye.

"Taha," Bi Haifa alisema, "uliwapoteza wageni wangu kusudi?"

Nikangoja hukumu.

Bi Haifa akanigeukia mimi.

"Pole, mwanangu. Umedhulumiwa. Lakini Taha ni mtoto wetu. Mambo haya yaishie humu ndani."

Yakaishia humo; nje, kosa likabaki langu.

Bi Haifa alimrudisha bintiye kwao, akampamba upya kwa ajili ya shangazi zake. Taha aliipiga video sherehe hiyo, akabaki na chumba, kompyuta na programu. Shangazi walirudi Malindi wakimsifu. Bi Afaf aliniletea mahamri Jumapili, akalia mlangoni, hakuingia. Mimi nilihamia Kisauni, nikawafundisha watu kupiga taipu kwenye kompyuta.

Ndugu msomaji, neno la watu usilolijua, usimuulize mtu mmoja. Na ukilazimika kumuuliza mmoja, asiwe yule atakayefaidika ukikosea.