Siku Kumi za Paka wa Sabine

Libérat Hatungimana, aliyetibu wanyama pale Uvira, alikuwa na mdomo. Nasema hivi mapema, maana waliomjua hawangenisamehe nikimpamba. Alikuwa mtu wa bonde la Ruzizi, kazi alijifunzia kwa ng'ombe wa Mulenge, akateremka ziwani na sanduku la sindano na maneno mengi kuliko sindano zenyewe. Lakini kazi aliijua, jamani.

Mwaka wa 1956 Leta, yaani serikali, iliagiza mbwa na paka wote wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Watu wa mtaa wa Nyamianda wakapanga mstari asubuhi, paka wao wakilalamika ndani ya vitunga vya ndagala, dagaa wa pale ziwani. Ikafika zamu ya Sabine, mjane aliyeishi kwa kuanika na kuuza samaki. Libérat akafunua kitunga, akatazama, akaweka sindano chini. Paka alikuwa mifupa na manyoya tu, mate yanamchuruzika.

"Huyu simuchanje, mama. Iko mugonjwa. Hii sindano haiponyeshi, inafundisha mwili kupigana. Mwili umechoka hivi, utaufundisha nini? Kwanza tujue anaumwa nini."

"Leta imesema wote!" akafoka Rémy, mvuvi jirani yake Sabine.

"Leta imetuma minye, haikutuma weye."

Kisha Libérat, bwana mkubwa, akafanya ujinga ambao mwanafunzi wake angetukaniwa mwaka mzima: akampanua paka kinywa kwa vidole vitupu. Meno yakazama kwenye kidole gumba mpaka mfupani.

Loo, uwanja ulivyotawanyika! Rémy akanyanyua kasia amponde paka kichwa. Mama mmoja akaja mbio na mawese ya moto, kwa kuwa ziwani pale jeraha lolote hupakwa mawese, liwe la ndoana, liwe la jino. Libérat akasimama mbele ya kitunga, damu inamtiririka.

"Rudisha hiyo mafuta! Munataka kufungia sumu ndani? Leteni sabuni na maji, mengi! Na weye Rémy, ukiponda hii kichwa, jibu langu limepotea. Paka akiishi siku kumi, hakuwa na kichaa aliponiuma, na minye niko muzima. Akikufa mikononi mwako, nitaulizia wapi?"

Rémy akashusha kasia. Libérat akaosha kidole kwa sabuni robo saa nzima, huku akimkaripia kila aliyemwonea huruma. Daktari wa hospitali aliafikiana naye: paka afungiwe peke yake kwa Libérat, na asichanjwe, maana akifa katikati haitajulikana kilichomuua. Lakini akibadilika tu, Libérat aanze zile sindano za tumboni za kuzuia kichaa siku hiyohiyo.

Siku ya nne paka akakataa maji. Alisogelea bakuli, akatikisa kichwa, akarudi nyuma. Habari ikafika hadi mtaa wa Rugenge kabla ya saa sita: anaogopa maji, ni kichaa! Gloriose, mke wa Libérat, akafunga nguo za mumewe za kwenda hospitali.

"Nipe saa moja," Libérat akamwambia. "Anasogelea bakuli. Mwenye kuogopa maji hasogei. Huyu anataka kunywa, anashindwa."

Safari hii alitumia akili. Akajifunga ngozi ya mbuzi mikononi, Sabine akamviringisha paka kwa gunia, kichwa tu nje. Libérat akampanua kinywa kwa mwiko. Basi hapo, umekwama kutoka jino hadi jino juu ya ulimi, mfupa wa samaki! Waanika samaki wa pale humtangulizia paka kichwa kibichi cha samaki mukeke ili ashibe, asiibe ndagala zilizoanikwa mchangani, na Sabine aliwazidi wote kwa ukarimu. Libérat akauchomoa kwa koleo. Saa haikupita, paka akanywa.

Sabine akapiga vigelegele. "Basi imekwisha! Mufungulie!"

"Aa-aa, mama. Mufupa na kichaa vinaweza kukaa katika kinywa kimoja. Siku kumi ni siku kumi."

Daktari alikubali wangoje, mradi paka atazamwe asubuhi na jioni. Libérat akamtazama asubuhi, adhuhuri na jioni, akipiga mluzi.

Siku ya kumi mtaa mzima ulikuja. Paka akatoka, akajinyoosha, akala ndagala tatu, akaenda zake bila kumtupia Libérat hata jicho. Watu wakacheka. Sabine akashika mikono ya yule bwana.

"Sasa umuchanje, munganga."

"Bado. Apate nyama kwanza. Mumurudishe mwezi ujao."

Alisema hivyo kwa sauti yake ileile ya kutisha watu. Halafu akaketi chini pale mavumbini, akalia mbele ya wote, kamasi na machozi pamoja.

"Nilijua nitakufa," akasema. "Kila siku nilijua."

Gloriose hakustaajabu. Alikuwa amelala kando yake kila usiku wa siku hizo kumi. Akakaa chini naye, akamshika kile kidole.