Mchezaji wa Jumapili Moja

Sijawahi kuona mechi ya besiboli kwa macho yangu, na sina hamu. Lakini kwa karibu miaka miwili niliijua timu moja ya Amerika kuliko ninavyowajua wajomba zangu. Nilikuwa nimetoka Kenya kuja kusomea takwimu katika chuo kikuu hapa Durban, nikapata kibarua cha mtandaoni cha kusafisha kumbukumbu za zamani za timu hiyo. Nilitumiwa picha za karatasi za mechi zilizoandikwa kwa mkono enzi za mababu, nikazilinganisha na magazeti ya wakati huo, nikahakikisha kila jina lina mtu wake.

Maana si yote yalikuwa na watu. Kulikuwa na mchezaji aliyezaliwa kwa kosa la karani wa telegramu, herufi mbili tu, naye akaishi kitabuni miaka na miaka bila kuwa na mwili. Mwingine alisimama uwanjani siku nzima mpira usimfikie hata mara moja, na hakuitwa tena. Mwingine alirushiwa mpira wa kwanza ukampiga, akabebwa nje, na hiyo ikawa kazi yake yote ya maisha. Kanuni niliyopewa ilikuwa fupi: asiye na ushahidi, futa.

Haya nilimsimulia mwenzangu wa nyumba. Alikuwa mtu wa Tanga, mpakuzi katika ghala moja Mobeni, na tulipanga vyumba viwili juu ya duka la matairi. Saa kumi na moja jioni aliingia na vumbi la maboksi kwenye kope, akavua viatu, na kabla hata ya salamu akauliza, "Leo umemfuta nani?" Alicheka sana habari za yule aliyepigwa na mpira.

Yeye mwenyewe alikuwa na majina mawili. Aliniambia wiki ya kwanza tukimenya viazi: kazini na msikitini mimi ni fulani, kwetu ni fulani. Karatasi za ukaazi alizotumia zilikuwa za binamu yake, ambaye alishapata nyingine na kuhamia Cape Town. Nikamwambia hayo hayanihusu. Nyumbani nilimwita kwa jina lake, barabarani kwa jina la karatasi, na sikuchanganya hata siku moja. Nilijisifu kwa hilo.

Kisha nikakutana na yule mchezaji wa Jumapili moja. Alionekana kwenye karatasi mara moja tu, akapiga mpira vizuri kabisa, halafu basi. Hakuwa na kuzaliwa wala kufa, wala mtaa, wala mjane. Nilimwambia mwenzangu kwamba namfuta.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hayupo."

"Lakini mpira si aliupiga?"

"Aliupiga mtu fulani. Hili ni jina tu."

"Sasa ule mtu iko wapi?" akauliza, kwa Kiswahili cha Wakongo wa ghalani kwake, ambacho nilizoea kumtania nacho. Siku hiyo sikumtania, kwa sababu hakuwa anacheka. "Mwache kwanza, kaka. Usimfute wiki hii."

Nikamwacha. Haikupita muda akaanza kukohoa. Alilazwa siku tatu, na ya nne asubuhi akafariki. Alasiri hiyo hiyo walimzika Chatsworth, kwa kuwa mzee aliyewasalisha yeye na wenzake ni wa jamii ya Wazanzibari wa huko, ambao mababu zao waliletwa Durban zamani na lugha ikawapotea. Kiswahili mzee huyo alijifunza kwa hao hao wageni aliowasalisha, na alikitamka polepole.

Mimi ni Mkristo, nikasimama nyuma. Kaburi lilipofunikwa, yule mzee alichuchumaa upande wa kichwani ili amsomee talqini, maneno ya kumkumbusha maiti atakayoulizwa huko chini. Humwita kwanza kwa jina lake na la mama yake. Akainua macho.

"Jina lake kamili?"

Watu wa ghalani wote wakanigeukia, kwa kuwa ndimi niliyeishi naye. Katika pumzi moja niliwaza fomu ya hospitali, na binamu wa Cape Town, na viza yangu mwenyewe. Nikataja jina la karatasi.

"Na mama yake?"

"Simjui."

"Basi mwana wa Hawa," akasema, akaanza. Akamwita mara tatu mtu ambaye wakati huo alikuwa mzima, pengine anakunywa chai Cape Town.

Sikuona mzuka, na mwenye kutafuta mzuka asiutafute kwangu. Lakini kila ilipofika saa kumi na moja niliacha kuandika nikautazama mlango, na niliogopa. Nilimwona akilini amelala pale Chatsworth akisikia anaitwa mwingine, ametulia kwa adabu kama mtu aliye kwenye foleni ya uhamiaji, akingoja zamu yake. Nilijitetea kwamba alishazoea kuitika jina lile, mbona kazini aliitika kila asubuhi. Utetezi huo haukunipa usingizi. Kule hakuwa kazini.

Wiki ya pili simu yake ililia nikaipokea. Alikuwa mama yake, aliyekwisha kupewa habari na yule binamu.

"Mwanangu, walimsomea talqini?"

"Walimsomea, mama."

"Wakamwita kwa jina langu?"

"Ndiyo, mama."

Alinishukuru kwa muda mrefu. Ningependelea anitukane.

Nilirudi kwenye kibarua, nikamkuta mchezaji wa Jumapili bado ananingoja. Kwa kuwa niliombwa nisimfute, nikamtafuta kwa hasira, na baada ya majuma kadhaa nikampata katika tanzia ya muuza mbao mmoja, kwenye gazeti la mji mdogo. Wanawe waliandika kwamba ujanani baba yao alichezea timu ile siku moja, akaazima jina la rafiki, kwa sababu mama yake alikataza michezo siku ya Bwana na kila Jumatatu alisoma gazeti mwanzo hadi mwisho. Nilijaza jina lake la kweli. Msimamizi wangu, mkutubi mstaafu huko Amerika, akanijibu kwamba nimemfurahisha kuliko mtu yeyote mwaka ule. Nilifunga kompyuta nikiona aibu. Mtu nisiyemjua nilikuwa nimemrudishia jina lake, na mwenzangu niliyemenya naye viazi nilimnyima la kwake nikiwa nimesimama pale pale.

Ijumaa iliyofuata nilipanda taxi ya Chatsworth pale Warwick. Nilimkuta mzee ukumbini mwa msikiti, nikamweleza yote.

"Eish," akasema. "Wewe ulijua."

"Nilijua, mzee."

"Talqini imepita, hairudiwi. Karatasi, hizo ni zako na serikali, mimi simo. Mama yake yuko hai?"

"Yuko."

"Ana simu?"

Tulikwenda kaburini, nikampigia mama yake, na ilibidi kwanza nimwambie kwamba nilimdanganya. Mama akasema, "Niweke karibu naye."

Niliilaza simu mchangani, nikaiongeza sauti. Akamtaja jina lake, lile la viazi, na lake mwenyewe, mara tatu. Hakuita kwa sauti ya maziko. Aliita kama anayemtaka mtoto aingie ndani ale. Mimi na mzee tulisimama tukitazama mchanga.

"Ameitikia?" mama akauliza.

Mzee alinitazama, hakunisaidia.

"Ameitikia, mama," nikasema, na hadi leo sijui kama nilimdanganya tena.